Sauti ya Nne Langoni

Sinki la jikoni kwako likiziba, unamwita nani, fundi bomba au mganga?

Usijibu haraka. Karani naye alijibu haraka. Alimwita fundi bomba, tena Jumamosi asubuhi, siku ambayo watu wenye akili zao bado wamelala, kwa sababu alikuwa msomi, na msomi hamwiti mganga kwa ajili ya sinki. Alimwondolea masufuria, akamtafutia ndoo, kisha akaegemea mlango wa jiko na kikombe cha chai iliyopoa, akisubiri kuambiwa kwamba ni mafuta ya kupikia. Huwa ni mafuta ya kupikia.

Fundi alilala chali chini ya sinki, akafungua kiungo cha bomba kwa spana, akaingiza vidole viwili. Akatoa kitu cheupe. Akakikamua, akakinusa, akakiweka sakafuni. Akaingiza vidole tena.

"Dada," alisema bila kujitoa huko chini, "humu ndani mnafulia magodoro?"

Vilikuwa vipande vitano vya pamba. Si pamba ile ya duka la dawa. Hii ilikuwa ya kijivujivu, ina vijiganda vya mbegu, na inanuka mafuta ya mashine. Lakini kilichomfanya Karani aweke kikombe chini kilikuwa mkunjo. Kila kipande kilikuwa kimekunjwa mara mbili, mraba wa kuenea kiganjani, na kingo zake zimesukumiwa ndani kwa ustadi, kama kazi ya mtu aliyekunja vipande vya aina hiyo kila siku. Bomba linaweza kuviringisha kitu, linaweza kukichana. Halikunji.

Mama Mkubwa aliingia wakati huohuo kutafuta miwani yake. Huyu ndiye dada mkubwa wa mama yake Karani, na ndiye aliyemlea tangu akiwa na miezi mitano. Baba alikuwa amehamia mji mwingine kikazi na kusahau njia ya kurudi. Mama Mkubwa aliitazama ile pamba sakafuni. Hakuuliza ni nini. Aliinama, jambo ambalo magoti yake hayakumruhusu kwa kawaida, akaokota kipande kimoja, akakitia kwenye mfuko wa gauni, akaenda chumbani. Komeo likasikika.

Fundi akamweleza Karani kwamba hilo bomba linashuka kwenda bwawani, halipandi kutoka bwawani, na kwamba kutoka kule mpaka hapa ni mlima mtupu. Alieleza mara mbili, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Kisha akakusanya vifaa vyake, akakataa chai, akaondoka, spana yake kubwa ikabaki chini ya sinki. Hakurudi kuifuata mpaka leo.

Bwawa alilolitaja liko chini ya mtaa, nyuma ya kuta za kilichokuwa kiwanda cha nguo. Wenye kiwanda walilichimba kwa ajili ya mashine: maji yaliingia kwenye mtaro wa zege, yakapita kwenye wavu wa chuma wa kuzuia takataka, yakaenda kuzungusha mtambo uliozungusha kila kitu kingine. Kiwanda kilipokufa, maji yakaachiwa yaende zake, na kwa miaka mingi bwawa likabaki shimo la magugu na matairi. Mpaka miezi miwili iliyopita, halmashauri ilipoamua kwamba wananchi wanahitaji mahali pa kupumzikia. Lango la maji likatengenezwa, maji yakarudishwa. Wakaweka mabenchi na bata wanne. Bata waliibwa ndani ya wiki.

Kilichobaki ni kibao cha historia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Karani. Alikuwa amesoma historia chuo kikuu na kuhitimu vizuri, na kwa malipo ya juhudi zake alipewa meza kwenye chumba cha mafaili, chini ya ngazi, mahali ambapo maswali yake hayangemsumbua mtu. Bosi wake alimwambia aandike maneno mia mbili, yenye kuvutia, na yasiwe na huzuni maana watu watakuwa wanakula aiskrimu.

Huzuni yenyewe ilikuwa ya kwao. Mwanamke mmoja alikufa kwenye ule mtaro, na mwanamke huyo alikuwa mama yake.

Mtaani kuna maelezo mawili ya kifo hicho. La kwanza ni la kafara: kwamba wenye kiwanda walidaiwa roho na bwawa, na mlinzi wa lango la maji, mtu waliyempa jina la Kengele, akawapelekea. Karani alikuwa amelisikia tangu utotoni na alikuwa amelichoka. Wenye kiwanda walikuwa na bima, alikuwa akisema. Mwenye bima ana haja gani na kafara? La pili ni la mahakama: kwamba Kengele alizembea, akafungua lango mtu akiwa bado ndani. Alifungwa miaka mitatu. Karani alichukua la pili, akaliandika kwa sentensi moja isiyo na chumvi: *Mfanyakazi mmoja alifariki kwa uzembe wa mlinzi wa lango.* Akamsomea Mama Mkubwa mezani, akidhani atamfurahisha.

Mama Mkubwa alisukuma sahani yake. Alisema waliokufa waachwe, kibao kiandike habari za bata.

Wiki hiyo ofisi ilikuwa inapakwa rangi, hivyo Karani alifanyia kazi nyumbani. Ndipo alipogundua vitu ambavyo mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni havioni. Kwamba Mama Mkubwa amekonda hadi pete ya ndoa ameivalisha uzi ili isidondoke. Kwamba amekosa miadi mitatu ya kliniki ya presha, na zote tatu zilikuwa za kabla ya adhuhuri. Kwamba kila siku, ikikaribia saa tano na nusu asubuhi, anaacha alichokuwa anafanya, anakwenda jikoni, na kurudisha mlango nyuma yake.

Jumanne Karani alisimama nyuma ya mlango huo. Hakujivunia, lakini alisimama.

Bomba liligonga. Mara tatu, kwa nafasi zinazolingana, kama mtu anayepiga chuma kwa chuma. Kisha likakoroma kidogo, likanyamaza, likakoroma tena. Halafu akasikia sauti ya Mama Mkubwa, kavu na ya haraka: "Tatu, nje nne, nje."

Mlango ulipofunguliwa walitazamana.

"Mabomba yanazeeka kama mimi," Mama Mkubwa alisema, akampita.

Sinki lilikuwa na maji ya kina cha kidole, na yalikuwa yanashuka. Koki ilikuwa imefungwa. Juu ya maji kulikuwa na kipande cha pamba, kimekunjwa mara mbili.

Karani alijiambia ni uzee. Alijiambia hivyo Jumatano pia. Alhamisi alichoka kujiambia, akachukua daftari lake, akaenda kumtafuta Kengele.

Alimkuta kwenye zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi zamani, chumba cha mwisho kabisa, kile cha jirani kikiwa kitupu, kwa sababu hakuna aliyetaka kupakana naye. Ukuta wa nje ulikuwa na alama za mawe. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, na saa ya ukutani inayokwenda sawasawa. Kengele alikuwa mtu mfupi, msafi, wa mikono mikubwa kuliko mwili. Karani akampa shikamoo. Alichelewa kuitikia, si kwa kiburi. Ilionekana tu kwamba alikuwa ameacha kuitegemea.

"Wewe ndiye mtoto," alisema hatimaye. "Una paji la uso la Nne."

Akamweleza, kwa maneno machache, akirudi nyuma pale alipohisi hajaeleweka. Vumbi la pamba lilikuwa likipeperushwa na mafeni ya kiwanda na kutua bwawani, na likiziba wavu kila siku. Kwa hiyo kila asubuhi saa tano lango lilifungwa, mashine zikahamishiwa kwenye injini ya dizeli, mtaro ukakauka, na wanawake wanne wakashuka na reki kuusafisha. Saa tano na nusu lango lilipaswa kufunguliwa. Yeye alikuwa juu, nyuma ya ukuta, hawaoni. Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu. Anapiga kengele mara tatu. Kila mwanamke akishatoka anajibu kwa namba yake: Moja, nje. Mbili, nje. Tatu, nje. Nne, nje. Hawakutumia majina, kwa sababu katika ule mlio wa mashine jina linapotea na namba haipotei. Akisikia sauti nne anazungusha gurudumu. Miaka kumi na moja alifanya hivyo, na hakuna aliyelowa hata kiatu.

"Na siku ile?"

"Siku ile nilipiga tatu. Nikasikia nne."

Alilisema bila kupandisha sauti. Alikuwa amelisema mbele ya meneja, mbele ya polisi, mbele ya hakimu, na baadaye mbele ya ukuta. Moja na Mbili walieleza mahakamani kwamba walikuwa wameshapanda ngazi na hawakuwa wanasikiliza. Wote wawili sasa ni marehemu. Tatu alieleza kwamba hakusikia sauti ya nne. Hakimu akaandika.

Tatu ni Mama Mkubwa. Karani alijua kwamba alitoa ushahidi, lilikuwa kwenye faili, lakini hakuwahi kuijua namba yake.

"Kuna kitu kimoja sikuulizwa," Kengele alisema. "Siku zile zote, ya tatu na ya nne zilikuwa zinafuatana. Moja inajibu, kimya kidogo, Mbili inajibu, kimya kidogo. Lakini Tatu na Nne zilikuja pamoja. Kama mtu asiyevuta pumzi katikati. Nilidhani ni ndugu, wamezoeana."

Karani alifunga daftari. Mkono wake ulikuwa umeandika hadi neno *pumzi* na kukataa kuendelea.

Mlangoni, Kengele alimwuliza ataandika nini kwenye kibao. Alisema hamwombi kitu. Mchawi wameshamwita, jela ameshakwenda, mke ameshaondoka, hayo hayarudi. Ila amebakiwa na muda mfupi wa kupita kando ya lile bwawa kwenda dukani, na hangependa kila siku kujisoma.

"Kama ni uzembe," alisema, "andika nilizembea nini. Sijawahi kuambiwa."

Usiku ule Karani hakumwuliza Mama Mkubwa chochote. Alimweleza tu alikokwenda na alichosikia, neno kwa neno, huku akikunja nguo zilizokauka, kwa sababu kuna maneno yanayosemeka tu mikono ikiwa na kazi. Mama Mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Akasema amechoka. Hakusema analala. Alisema amechoka, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Ijumaa saa tano na robo alikuwa jikoni. Safari hii aliacha mlango wazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya sinki, mikono magotini, amevaa gauni lake la kutokea. Juu ya meza karatasi ya kibao ilikuwa palepale Karani alipoiacha.

"Kaa," alisema.

Karani alikaa.

Bomba likagonga.

Moja. Mbili. Tatu.

Kisha likakoroma. Akiwa karibu namna hii, Karani alisikia kwamba halikuwa koromo. Lilikuwa neno. Lilitoka mbali, likiwa na maji mdomoni. *Moja, nje.* Kimya kidogo. Sauti nyingine, nzito kuliko ya kwanza. *Mbili, nje.*

"Tatu, nje," alisema Mama Mkubwa.

Akavuta pumzi. Ndefu. Akanyamaza.

Jiko lote likanyamaza naye. Saa ya sebuleni ilisikika, kisha haikusikika.

Maji yakaanza kupanda.

Hayakutoka kwenye koki. Yalipanda kutoka tundu la chini, taratibu, bila povu. Yakafika kidole. Yakafika kiganja. Yalikuwa ya kijani kibichi, rangi ya bwawa. Karani akaziba tundu kwa kitambaa. Kitambaa kikasukumwa. Yakafika ukingoni. Yakasimama hapo, yametuna, kama yanasikiliza.

Kisha yakamwagika.

"Mama," Karani alinong'ona. "Jibu."

Mama Mkubwa alitikisa kichwa.

Maji yakafika miguuni. Yalikuwa baridi ya chini kabisa, baridi ya zege lisiloona jua. Yakapita chini ya meza. Yakafika mlangoni, na pale mlangoni, badala ya kutoka, yakageuka na kurudi. Karani, mwanamke mwenye shahada, aliyekuwa na majibu kwa kila mtu, alifungua mdomo. Namba ilikuwa tayari ulimini. Maneno mawili tu, na yote haya yataisha hadi kesho.

Kiganja cha Mama Mkubwa kikamziba mdomo.

"Usimjibie," alinong'ona. "Akijibiwa hatafutwi."

Hakuondoa mkono. Akaongea hivyohivyo, polepole, macho yakiwa kwenye maji, na Karani akasikia yote akiwa amezibwa mdomo na mkono uliomlea. Kwamba wakati ule Karani alikuwa mchanga na hataki chupa. Kwamba kila siku, kabla ya kengele, yaya alimleta kwenye geti la nyuma, na mama yake alichomoka mtaroni mapema, akapita kwenye uchochoro wa stoo, akaenda kumnyonyesha. Ilikuwa marufuku. Angekamatwa angefukuzwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtu alihitajika wa kusema namba yake, na mtu alikuwepo. Miezi miwili. Wala haikuwa dhambi, alisema, ilikuwa msaada, dada gani angekataa? Siku ile yaya alichelewa. Nne alifika getini, hakukuta mtu, akarudi chini kumalizia kipande chake cha wavu, upande wa kona, asikoonekana. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, katika mlio ule? Mashine za kiwanda zilikuwa zinanguruma, na kengele ikalia.

Alisema yote hayo. Alizunguka neno moja tu, kama watu wanavyozunguka shimo wanalolijua.

Maji yakafika vifundoni.

Kitu kikapanda kwenye tundu la sinki. Kikachomoza, kikaelea, kikazunguka mara moja. Karani akakichukua kabla hajafikiri. Pamba, imekunjwa mara mbili, kingo ndani. Vile vya mwanzo vyote vilikuwa baridi. Hiki kilikuwa na joto. Si joto la maji. Joto la mwili, la kitu kilichotolewa sasa hivi ndani ya nguo. Akakibonyeza, na kilichotoka hakikuwa kijani. Kilikuwa cheupe, chembamba, na harufu yake ilimpanda puani na kumkuta mahali ambapo hakuwa na kumbukumbu yoyote. Ulimi wake ukasogea wenyewe mdomoni.

"Alikuwa anaziweka kifuani," Mama Mkubwa alisema. "Ukichelewa kuletwa, maziwa yalikuwa yanamwagika."

Bomba likagonga tena.

Moja. Mbili. Tatu.

Halikuwahi kugonga mara ya pili.

Mama Mkubwa aliondoa mkono kwenye mdomo wa Karani. Akasimama bila kushika meza, akayakanyaga yale maji hadi kwenye sinki, akashika kingo zake mbili. Miaka yote Karani alimjua kama mtu wa sauti ya chini, mtu wa kurudisha milango. Hakujua kwamba mwanamke huyu aliwahi kuwa na sauti ya kupita juu ya mashine mia. Ilitoka sasa, ikajaza jiko, ikatoka dirishani, ikashuka mlima kuelekea bwawani, na mtaa wa chini, watu waliokuwa kwenye mabenchi waligeuza vichwa.

"Nne hajatoka. Kengele, usifungue, Nne yumo ndani. Aliyejibu ni mimi."